Hakunitolea mahari. Je, mimi ni nani kwake?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, ni mama lishe hapa Morogoro. Mwaka 2016 nilihamia kwa mwanaume, dereva wa lori, tukaishi kama mke na mume. Tuna watoto wawili, wa miaka 8 na 4. Mwaka 2019 tulinunua kiwanja Kihonda, karatasi zina jina lake. Yeye alileta saruji na mabati. Mimi nilitoa hela yangu ya kikoba kwenye msingi na nikawapikia mafundi mpaka nyumba ikaisha. Sasa ndugu zake wamemtafutia mke "wa kuoa". Ananiambia niondoke mwisho wa mwezi, kwamba hakunitolea mahari hivyo mimi si mke. Ameleta karatasi nisaini nipokee laki tano ya kuondokea. Mama yangu anasema nilijipeleka mwenyewe, nirudi kimya kimya. Shangazi, mimi ni nani kwake?*

*Mama wa Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale ulipowapikia mafundi moyo unaniuma.

Nianze na mahari, maana ndiyo fimbo anayokuchapia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 41 kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu taratibu za mahari hazikutimizwa. Mimi mahari naipenda, ni heshima kati ya familia mbili. Lakini hakimu hapimi ndoa kwa mahari.

Kinachokuhusu hasa ni kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawajue kuwa ni mke na mume, mahakama itachukulia kwamba walioana, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Wanasheria wanaiita dhana ya ndoa. Sisi mtaani tunaiita "sogea tukae", tena kwa kicheko, na kicheko hicho kimewanyima wanawake wengi haki yao, kwa kuwa wameamini kweli kwamba hawana chochote.

Sasa shika hapo kwenye "watu wawajue". Miaka peke yake haitoshi. Waliokuwa wakikutana kwa kujificha, hata miaka 10, dhana hiyo haiwafuniki. Hakimu atataka kujua mtaa ulikuitaje. Wifi zako walikuja kukutazama ulipojifungua? Kwenye kadi ya kliniki baba ameandikwa nani? Nilipokuwa kwenye baraza la usuluhishi la kata, bwana mmoja aliapa kwamba mama aliyesimama mbele yetu alikuwa mpangaji mwenzake tu. Jirani yao, mzee wa makamo, akamuuliza: "Siku ya msiba wa baba yako, nani alikaa mkekani na wafiwa?" Yule bwana hakujibu.

Kwa hiyo, mwanangu, hao hao wanaokunong'ona leo kuwa wewe ni kimada ndio waliokuita "shemeji" na "mke wa dereva" miaka yote hii, na ndio mashahidi wako. Usiwakimbie. Na mama yako usimjibu kwa hasira. Anaiogopa aibu, na dini zetu zote zinafundisha kwamba mtu aoe ndipo akae na mwenzake, hilo silipingi. Ila mlikuwa wawili mliokaa bila ndoa, na sioni kwa nini mmoja abebe aibu yote, mwenzake apigiwe vigelegele.

Kuna jambo moja uliulizie mapema: je, hana mke wa ndoa ya kanisani mahali? Madereva wana safari nyingi. Akiwa naye, dhana itavunjika, kwa sababu mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine. Hata hapo hujaisha. Kifungu hicho hicho kinasema dhana ikivunjwa, mwanamke aliyeishi hivyo miaka 2 au zaidi bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine kama zile za talaka, mgawanyo wa mali ukiwemo.

Nyumba isikutishe kwa sababu ya jina lililoandikwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Wewe una zaidi ya hapo: una daftari la kikoba, na mafundi waliokula chakula chako wapo hai. Sikuahidi nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja, ndiyo maana kila karatasi ina thamani.

Watoto ni wake, aoe asioe, na kuwatunza ni wajibu wake. Huyo wa miaka 4, sheria inaanza kwa kudhani kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake.

Kesho, kabla hujawasha jiko, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze kwamba unafukuzwa. Kisha muone afisa ustawi wa jamii, naye akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria; kazi yao inatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na msaada wao ni bure. Kwa kawaida shauri huanzia baraza la usuluhishi ndipo liende mahakamani. Vyeti vya watoto na daftari la kikoba viweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba hiyo. Usihame kwa sababu ya vitisho, ila akiinua mkono, chukua watoto uondoke usiku huo huo ukaripoti dawati la jinsia polisi.

Na ile karatasi ya laki tano, mwanangu, usiisaini.