Kaa masika moja kwenye kiwanja kabla hujachimba msingi

Kiwanja chetu tulikipenda mwezi wa Januari. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, na mengi nitakayoyasimulia hapa yamezaliwa nalo. Januari Pemba ni kavu. Kaskazi inavuma, udongo mwekundu umekakamaa, na ukisimama juu ya vilima vya kati ya Chake na Wete unaliona bonde la mpunga chini yako, mikarafuu kwenye mteremko, na kipande cha bahari kule mwisho. Mume wangu akanyoosha mkono: "Hapa dirisha la ukumbi." Mimi nikasema jiko liwe huku, nipate upepo. Tulikwisha kuijenga nyumba nzima kwa vidole kabla hatujamuuliza mtu maji ya masika hupita wapi.

Yalikuwa yakipita ukumbini.

Bibi mmoja jirani alituonya, ila kwa namna ya watu wazima wa kwetu: hakusema moja kwa moja. Alipita na kuni zake kichwani, akasimama, akatazama kamba za fundi, akauliza, "Mwalimu, hapa ndipo mlipopapenda?" Nikamjibu ndiyo bibi, kuna upepo mzuri. Akasema, "Haya, Mungu awape kheri," akenda zake. Leo mtu mzima wa kijiji akiniuliza swali kama lile, nasimamisha kazi na kumtilia chai.

Februari tulichimba msingi, na hadi katikati ya Machi kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Aprili mvua ikaanza, ile ya kupiga usiku kucha na asubuhi ikaendelea kana kwamba haijanyesha. Maji yaliteremka kutoka shamba la juu, yakaikuta nyumba imekaa njiani, yakajikusanya upande wa juu na kuanza kutafuta mlango. Upande wa chini, ambako tulijaza kifusi ili kusawazisha sakafu, udongo ulinyonya maji ukazama. Nyumba ikagawika: nusu imekaa kwenye udongo mama, nusu kwenye udongo wa kuletwa. Ufa ulianza pembe ya dirisha ukashuka hadi chini, upana wa kuingiza kidole. Na ile methali ya ufa na ukuta nisisikie mtu ananiambia, maana sisi ufa tuliuziba na ukuta tukaujenga vilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiishia hapa kusoma basi uwe umeuchukua huu: kiwanja cha mlimani usikitazame kiangazi. Nenda wakati mvua inanyesha, vaa viatu vya mpira, simama juu yake, tazama. Ukiweza kukaa masika nzima, Machi hadi Mei, kaa. Chomeka vijiti pale unapotaka pembe za nyumba ziwe, kisha uone ni vijiti vipi vinaangushwa. Kama huwezi kusubiri, soma alama: mizizi iliyo wazi, changarawe zilizojipanga mstari, mahali ndago zimestawi wakati majani mengine yamekauka. Maji hufuata mkondo, na mkondo hauhami kwa sababu wewe umeleta matofali.

Tulipoanza upya tulianza na mtaro, hatukugusa nyumba. Upande wa juu wa kiwanja, hatua kama kumi kutoka mahali pa ukuta, tulichimba mtaro unaolikinga jumba kama kiganja, ukayapokea maji ya shamba la juu na kuyapeleka pembeni pande zote mbili hadi bondeni. Tuliuweka mawe chini ili usijichimbe wenyewe. Kazi ya watu wanne kwa siku tano, saruji mifuko michache, na nadhani ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Halafu tukakata kilima badala ya kujaza. Kama kiwanja kina mteremko, ama ikate ardhi nyumba yote ikae kwenye udongo mgumu, ama ujenge msingi wa ngazi, kila ngazi ikiwa imechimbwa mpaka penye udongo usiowahi kuguswa. Kifusi kijaze veranda kama huna budi, tena kwa tabaka jembamba jembamba, kila moja limwagiwe maji na kushindiliwa, lakini ukuta unaobeba paa usiusimamishe juu yake. Fundi wetu wa pili, mzee wa Mtambwe asiyependa maneno mengi, hata kifaa cha kisasa cha kupimia usawa hakuwa nacho. Alitumia mpira mwembamba wenye maji, mtu mmoja kila ncha, na sakafu yake haina tofauti ya unene wa kisu.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba nao tuliujenga mara mbili. Wa kwanza ulikuwa wa mawe, umetiwa saruji kila mwanya, hapenyi hata sisimizi. Ndiyo maana ulianguka. Maji yaliyonyweka kilimani yalifika nyuma yake yakakosa pa kutokea, na udongo uliolowa ni mzito, unasukuma. Wa pili una vipande vya bomba vilivyopenyezwa kila baada ya mita moja na nusu, na mgongoni mwake tumejaza kokoto. Siku mbili baada ya mvua bado unadondosha maji kwenye vile vitundu. Wageni huniambia ukuta wenu unavuja. Nawaambia ndiyo, tumeulipia uvuje.

Sasa kuhusu ramani. Ramani ya kwanza alituchorea kijana mmoja mjini Unguja, nyumba ya kisasa yenye paa lililofichwa nyuma ya kuta, ile unayoiona kwenye simu kila ukifungua. Inapendeza, sikatai. Lakini fikiri: bati lina mteremko mdogo, maji yote ya paa yanakwenda kwenye mfereji mmoja uliofichwa ndani ya ukuta, na juu ya nyumba kuna mwembe unaomwaga majani. Siku mfereji ule ukiziba, maji yataingia ndani, kwa sababu njia nyingine haipo. Tena kuta za nje hazina kivuli wala mwavuli, mvua inazipiga tupu. Pemba hapana. Niseme ukweli, niliililia ile picha wiki nzima.

Somo la paa tulilipata kwenye nyumba ya udongo ya marehemu nyanya yake mume wangu. Boriti na fito, imekandikwa kwa udongo, makuti yameshuka chini kiasi kwamba mtu mrefu lazima ainame kuingia barazani, na kiambaza kimekaa juu ya sakafu iliyoinuliwa. Wale wazee walijua kwamba ukuta wa udongo hufa kwa kulowa miguu na kichwa, basi wakaupa viatu na kofia. Sisi tumeinua sakafu futi mbili na nusu kutoka ardhini, na mapaa yametoka futi tatu nje ya ukuta. Upande wa kusini na mashariki, ambako kusi huleta mvua ya kulala, tumeweka kibaraza kirefu ili ukuta wa vyumba usiguswe kabisa. Dirisha la ukumbi tulilolichora kwa kidole tumelihamisha. Bahari tunaiona tukiwa barazani, na ndiko tunakokaa hata hivyo.

Bati nunua nene unaloweza. Kumbuka namba ya unene, yaani geji, inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na muuzaji hatakukumbusha. Hewa ya chumvi inafika hata mlimani, na misumari ndiyo hutangulia kuoza. Mvua ikipiga juu ya bati tupu hamsikilizani chumbani, kwa hiyo dari si anasa.

Maji yale yale yaliyotutesa tumeyageuza mtumishi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 120. Mvua ya milimita 40, ambayo kwa masika si ajabu, ni lita 4,800 kwa siku moja. Tangi letu la lita 5,000 hukaribia kujaa kwa mvua moja kama hiyo. Weka milizamu, ile mifereji ya ukingoni mwa paa, iwe mipana, iache mvua ya mwanzo ya msimu ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla hujaunganisha tangi, na muhimu zaidi, mfurikio wa tangi uelekeze mtaroni. Jamaa yetu mmoja aliliacha tangi lifurikie kwenye pembe ya nyumba yake. Akachimba mkondo kwa mikono yake mwenyewe bila kujua.

Kuna jambo la ardhi ambalo wanaorudi kutoka nje husahau. Kwetu Zanzibar ardhi ni ya serikali; ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia, na sheria yake ni ya 1992. Na mti unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si wewe. Kiwanja chetu ni sehemu ya eka alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mikarafuu mitatu na mwembe mmoja ni ya ami yake mume wangu, na mkarafuu haukatwi kiholela, unahitaji kibali. Mmoja ulisimama pale pale tulipotaka chumba cha watoto. Tulikwenda kwa ami, tukaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, tukaandikishana nani ana nini mbele ya mashahidi, na mwishowe nyumba ikapindishwa kidogo, mti ukabaki. Watoto wanalala na harufu ya karafuu. Fanya mazungumzo hayo kabla ya kibali cha ujenzi, msije mkayafanya msibani.

Vifaa nitapita haraka. Mchanga wa pwani usitumie, hata ukiletewa bure usiku: una chumvi, utakula nondo na kuimenya rangi, na isitoshe uchimbaji wa mchanga ni wa maeneo yaliyoruhusiwa kwa kibali. Matofali tulifyatua wenyewe kiwanjani. Mfyatuaji alitaka kutoa matofali 45 ya inchi sita kwa mfuko mmoja. Mimi nilikaa na kiti nikahesabu, hayakuzidi 32. Kisha yamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, chini ya kivuli. Zege nalo linaendelea kupata nguvu hadi siku ya 28 na zaidi, usilikimbize. Saruji ikivuka bahari inafika imekwisha kuvuta unyevu, kwa hiyo usinunue ya miezi mitatu. Nunua ya wiki mbili, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfuko wenye madonge urudishe dukani siku hiyo hiyo.

Kuta za ndani tulizipiga rangi mapema mno, zikaota kuvu kabla ya Idi. Ukuta mpya una maji mengi ndani yake. Uache upumue kiangazi kimoja. Vyumba viwe na madirisha pande mbili, upepo uingie na utoke, kaskazi na kusi kila mmoja kwa zamu yake. Kabati usiligandishe ukutani. Kanzu za mume wangu zilinifundisha hilo, na hajasahau.

Chumba ninachokipenda kuliko vyote hakikuwamo kwenye ramani yoyote. Ni kibaraza cha nyuma. Sisi ni watu wa nje: mume wangu anashuka pwani na mshipi, watoto wanazunguka msituni na baiskeli, msimu wa karafuu ukiingia nyumba nzima ipo mitini. Kila mtu anarudi na tope. Hapo nyuma pana mfereji, jiwe la kusugulia miguu, misumari ya kutundikia mapakacha na nyavu, na sakafu pana ya saruji yenye mteremko mdogo. Karafuu zikianikwa kwenye majamvi na wingu la vuli likatokea ghafla, tunavuta majamvi hatua nne tu, yako chini ya paa. Zamani tulikuwa tunakimbia nayo hadi chumbani kwa bibi. Karafuu iliyolowa hushuka daraja, na ni bei za karafuu zilizonunua haya mabati, msimu huu lenta, msimu ule milango. Ukichora nyumba yako, chora kwanza mtu wako anavyorudi nyumbani akiwa na tope magotini, amebeba nini, anakiweka wapi.

Bado tunataka chumba cha nje, cha mama yangu. Vijiti vyake nilivichomeka mwezi wa Machi. Jumamosi iliyopita mvua ilipiga tangu alfajiri, nikatoka na mwavuli kuvitazama: viwili vimelala, kimoja sijakiona kabisa. Tutakisogeza chumba upande wa mwembe. Mwembe ni wa ami, kwa hiyo kesho nakwenda kwake, na sukari kilo mbili mkononi.