Kuongeza diski ya mashine pepe: kazi ni tatu, si moja

Ninyi mnaoanza kazi ya kompyuta hapa Malindi, hili mtalikuta mapema: programu ya hesabu ya hoteli imo ndani ya mashine pepe, diski ya GB 25 imejaa, risiti hazitoki. Kazi tatu ni kukuza diski yenyewe, kisha patisheni (kipande cha diski), kisha mfumo wa faili ulio ndani yake. Kabla ya kugusa lolote, ingia kwenye mgeni (ndiyo mashine pepe yenyewe; kompyuta inayoibeba ni mwenyeji) uandike `vgs`, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki katika LVM. LVM ni mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski, na kisakinishi cha Ubuntu Server mara nyingi huacha sehemu ya nafasi hiyo bila kuigawa, na huenda diski haihitaji kuongezwa kabisa.

Ikihitajika, mzime mgeni kikamilifu, kisha nakili faili nzima ya diski mahali pengine. Snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, si bekapu. Tena ni kikwazo: ukikuza diski ya msingi katika VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe), snapshoti iliyo juu yake hubaki na ukubwa wa zamani, na mgeni haoni kitu. Zifute kwanza.

`VBoxManage modifymedium disk seva.vdi --resize 51200`

Hizo ni megabaiti, na ni ukubwa wa jumla, yaani GB 50. Kwa KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, ni `qemu-img resize seva.qcow2 +25G`, hapo alama ya kujumlisha ndiyo inayosema ni nyongeza. Usiiandike amri hii mgeni akiwa amewashwa, faili inaweza kuharibika. Angalia pia kama mwenyeji ana nafasi hiyo kweli, maana diski yake ikijaa, mgeni husimamishwa katikati ya kazi.

Mpaka hapo umepanua kiwanja tu. Kuta za nyumba ziko palepale. Mwashe mgeni, andika `lsblk`: diski, yaani sda, ni 50G, lakini patisheni haijabadilika. Kwa LVM fuata mpangilio huu:

`growpart /dev/sda 3`
`pvresize /dev/sda3`
`lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Kati ya sda na 3 (namba ya patisheni) katika amri ya kwanza pana nafasi. Wengi hukwama hapo. Hiyo `-r` hukuza na mfumo wa faili. Pasipo LVM, baada ya growpart tumia `resize2fs` kwa ext4, au `xfs_growfs /` kwa XFS.

Linaloharibu mfumo hasa ni patisheni iliyokaa kati ya yako na nafasi mpya. Kwenye Linux za zamani ni swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM: andika `swapoff`, ifute, tengeneza faili ya swap, kisha rekebisha `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazofunguliwa mashine ikiwaka. Ukiuacha mstari wa zamani, kuwaka kutasubiri sekunde 90 kutafuta kifaa kisichokuwepo. Kwenye Windows ni patisheni ya uokoaji, ndiyo maana Extend Volume, chaguo la kukuza patisheni, haibonyezeki. Anza na `reagentc /disable`, amri ya kuzima uokoaji huo, kabla ya kuifuta kwa diskpart, na kama BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri) imewashwa, isitishe kwanza.

Kusogeza patisheni kwa GParted, programu ya kupanga patisheni, ni njia nyingine, ila mashine isiyo na UPS usiijaribu: stima ikipotea katikati, data imekwenda.

Mwisho andika `df -h` uone nafasi mpya, kisha mwashe mgeni upya mara moja. Nakala ile usiifute siku hiyohiyo.