Nyumba ya paneli: kagua viungo kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama nyumba ya paneli za kiwandani, yaani vipande vya ukuta vinavyotengenezwa kiwandani na kuja kuunganishwa kiwanjani, ni majaribio yatakayokula pesa yako. Si majaribio. Crystal Palace ya London ilisimamishwa mwaka 1851 kwa vyuma na vioo vilivyoletwa tayari vimekatwa. Na mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1945, Waingereza walianza kupewa nyumba za namna hii zilizokusudiwa kudumu kama miaka 10. Wapo waliozikalia zaidi ya 50, na kuhama hawakutaka.

Kinachonitia wasiwasi ni viungo, yaani pale paneli zinapoungana. Mwaka 1968, huko huko London, gesi ililipuka jikoni ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point. Mlipuko haukuwa mkubwa, ila ulisukuma nje paneli za ukuta na kona nzima ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Lilipobomolewa baadaye, baadhi ya viungo vilikutwa vimeshindiliwa magazeti. Magazeti, jamani!

Kwa hiyo kabla ya kulipa arbuni, mkandarasi akuonyeshe mchoro wa viungo: paneli inashikwa na nini, na nani anakagua kabla ya zege kumiminwa. Mhandisi wako aje siku ya kuunganisha, si siku ya kukabidhiwa funguo.