Bastola isiyokwama, na uongo wa risasi nene

SWALI: Ndugu mkufunzi, leseni yangu imetoka, na sasa natafuta bastola moja ya kulinda nyumba na ya kutembea nayo. Viganja vyangu ni vidogo, na nina watoto wawili. Muuzaji ananishauri nichukue .45 fupi, bastola ndogo ya risasi nene, eti risasi yake moja humwangusha mtu hapo hapo, kisha fundi wake anilainishie kifyatulio. Mume wangu anasema rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ndiyo isiyokwama kamwe. Hofu yangu ni moja tu: isije ikakwama siku nitakapoihitaji. Nichukue ipi?

JIBU: Dada yangu, chukua bastola ya risasi za milimita 9, ya ukubwa wa kati, ya kiwanda chenye jina, ambayo haijaguswa na fundi yeyote. Glock 19, CZ P-10 C na Smith & Wesson M&P ya ukubwa huo zote zinafaa. Zishike moja moja, zikiwa tupu. Itakayokufaa ni ile ambayo ncha ya kidole chako cha shahada inafika kwenye kifyatulio huku mpini ukiwa umetulia katikati ya kiganja.

Ningeishia hapo, ila hiyo habari ya risasi moja siwezi kuiacha ipite. Wanafunzi wanaokuja kwangu na bastola zisizowafaa, wengi wao wameuziwa hadithi hiyo hiyo.

Risasi ya bastola haimrushi mtu. Kama ingekuwa na nguvu ya kumtupa anayepigwa, ingemtupa na aliyefyatua, kwa kuwa msukumo ni ule ule. Mtu anayekushambulia huacha pale risasi inapofika penye uhai, na kufika huko kunahitaji shabaha na kina cha kutosha. Hata moyo ukitobolewa, damu iliyobaki kichwani yaweza kumpa mtu sekunde 10 au zaidi za kuendelea na alilokusudia.

Somo hili FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walilipata kwa machungu. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maafisa wao walipambana na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema na risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kuishia karibu na moyo. Akaendelea kupigana, na maafisa wawili wakauawa. Baada ya hapo FBI waliweka kipimo: risasi izame walau sentimita 30 ndani ya jeli ya majaribio inayoiga nyama ya mwili, isizidi takriban 46. Wakahamia risasi nene zaidi, za milimita 10, kisha za .40. Miaka ikapita, risasi za milimita 9 zikaundwa upya na kukifikia kipimo hicho, na katikati ya miaka ya 2010 wakairudia milimita 9. Maafisa wao walikuwa wanalenga vizuri zaidi na kwa kasi zaidi wakiwa na risasi isiyorusha mkono sana. Walioanza kuikimbia milimita 9 ndio waliorudi kwayo, lakini muuzaji wako angali anauza hofu ya mwaka 1986.

Sasa tazama .45 fupi inavyofanya kazi. Slaidi yake, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua, ni fupi na ina safari fupi, kwa hiyo magazini, kile kibebeo cha risasi ndani ya mpini, inapata muda mdogo mno wa kuinua risasi inayofuata. Springi yake ni ngumu, na mkono mdogo hupata taabu kuivuta. Tena bastola yoyote inayojijaza risasi inayofuata yenyewe hutegemea mkono uliokaza. Mkono ukilegea, mpini hurudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, na ganda la risasi iliyolia linabanwa kwenye mlango wa kutokea. Mwenye bastola analaumu chuma, kumbe amepewa silaha inayomshinda kuishika.

Kuhusu rivolva, mume wako ana sehemu ya ukweli. Haisumbuliwi na magazini, na risasi moja isipolia unavuta tena. Ila kifyatulio chake huhitaji mvuto mrefu wa kama kilo 5, na kwa kiganja kidogo mvuto huo huipeleka shabaha pembeni. Na hukwama pia: chembe za baruti zikiingia chini ya nyota ya kutolea maganda, kile chuma chenye umbo la nyota nyuma ya silinda, silinda haizunguki. Ikikwama hivyo, haikwamuliwi kwa kuvuta slaidi, maana slaidi haina.

Bastola yako mpya usiiamini kabla ya kuipigisha risasi 200 uwanjani, na walau 50 kati ya hizo ziwe zile zile utakazobeba. Tumia risasi za kiwandani tu. Magazini ziandike namba. Ikikwama mara mbili kwa magazini moja, yaelekea tatizo ni magazini hiyo, itoe kazini. Mafuta yawe kidogo, pale chuma kinapokutana na chuma.

Kwa ajili ya watoto, bastola isiyokuwa mwilini mwako iwe ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa skrubu mahali pasipohamishika. Chini ya mto, juu ya kabati na ndani ya mkoba wa bega mtoto anapafikia. Ukitembea nayo, iwe ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote.

Na huyo fundi wa kulainisha. Sitaki umkaribie, na ninasema haya kwa kila msomaji. Kifyatulio cha kiwandani kina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na uzito huo uliwekwa kwa hesabu. Akikata springi ili kiwe chepesi, pini ya kupigia hugonga fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, kwa unyonge, nawe utasikia mlio mkavu wa chuma wakati unaohitaji mlipuko. Akipiga tupa kile chuma kinachoizuia pini, bastola inaweza kulia yenyewe ikianguka sakafuni. Nimefungua bastola za namna hiyo mezani kwangu na kukuta kizuizi kimelika upande mmoja, huku mwenyewe ameibeba kiunoni kwa miezi akijisifia ulaini wake. Wanaofanya kazi hii huiita huduma na kutoza pesa. Mimi naiita kuharibu silaha ya mtu aliyekuja kutafuta usalama.

Kama yako imekwisha kupitia mikononi mwao, toa risasi zote leo, za magazini na ile iliyomo chemba, nyuma ya mtutu. Ipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na kiwanda, arudishe vipuri vya asili vyote, si springi peke yake, kisha uanze upya zile risasi 200.