Ukinunua printa ya 3D, anza na kilichovunjika nyumbani

Wengi wanaoniuliza hapa Dodoma kuhusu printa za 3D, yaani mashine zinazojenga kitu tabaka kwa tabaka kwa plastiki iliyoyeyushwa, huanzia kwenye bei. Bei imeshuka sana. Hataza kuu (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mashine za kuyeyusha uzi wa plastiki ilifika ukomo mwaka 2009, na tayari mradi wa RepRap, alioubuni Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ulikuwa ukigawa bure michoro ya printa zake. Leo mashine ndogo ya mezani unaipata kwa bei ya simujanja ya kawaida.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na vinyago vya kupakua mtandaoni. Anza na kitu kilichovunjika ambacho madukani hakipatikani. Jirani yangu hapa Area C alikuwa na feni nzima kabisa, ila kitufe cha kuzungushia kimepasuka, na kila duka linamwambia anunue feni mpya. Kazi yenyewe ilikuwa kupima. Mhimili wa feni ambao kitufe huchomekwa ulikuwa na kipenyo cha milimita 6, upande mmoja bapa. Nikachora tundu la milimita 6.2, kwa sababu tundu hutoka dogo kidogo kuliko lilivyochorwa. Kitufe kiliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kikashika. Plastiki iliyotumika haikufika gramu 10, na rola moja huwa na kilo nzima!

Kwa hiyo kabla ya kununua plastiki za rangi rangi, nunua venia kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo na unene. Programu ya kuchorea, FreeCAD, ni bure, na Cura, programu inayoukata mchoro kuwa matabaka, ni bure pia. Kitu huvunjika kirahisi pale matabaka yanapoungana, hivyo kitu cha kubeba uzito, kama ndoano, kichape kikiwa kimelala.

Vumbi letu nalo lisikuponyoke. Tundu la nozeli, mdomo unaotoa plastiki iliyoyeyuka, ni milimita 0.4 tu, basi pitisha uzi kwenye kipande cha sponji kabla haujaingia mashineni. Jua kali nalo ni adui: PLA, plastiki rahisi kujifunzia, hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Kishikizo cha simu cha kukaa ndani ya gari kichape kwa PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Mashine iweke mbali na dirisha, upepo usije ukainua pembe za kazi yako.

Mchoro ukifanya kazi, uweke mtandaoni bure pamoja na vipimo vyake. Feni kama ile ziko nyumba nyingi, na mwenye printa Singida au Kondoa atachapa kitufe hicho bila kupima upya.