Muulize Mama Mshauri: "Nataka kuondoka chuoni bila kuaga"

Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya ualimu, mwaka wa pili, hapa Mtwara mjini. Mama yangu amelazwa Ligula tangu mwezi uliopita, na baba yuko Tandahimba peke yake na mikorosho. Huu ndio wakati wa kupulizia salfa, na shamba likikosa dawa, ada ya Novemba haipo. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Mitihani iko karibu na vipindi vingi vimenipita. Nimeona niondoke tu, mwakani nije nirudie mwaka. Mshauri wangu wa taaluma nilimwona siku ya kusaini fomu, basi, na ni mkali. Nikienda kwake nitasema nini?
Kaka Mkubwa, Mtwara

Marahaba mwanangu. Mungu amponye mama.

Usiondoke bila kuaga. Kanuni za vyuo vyetu vingi zinasema asiyefika kwenye mtihani bila ruhusa ameacha masomo, na hapo hakuna cha kurudia mwaka, ni disko, yaani kuondolewa chuoni. Anayeuguza mama yake na aliyelala tu chumbani wataandikiwa neno moja, kwa sababu hakuna aliyeleta habari za yule anayeuguza.

Zipo njia tatu za halali. Ruhusa ya siku chache haitakutosha, naiacha. Unaweza kuahirisha mwaka mzima, lakini kama una mkopo wa Bodi, nao utasimama, na ukirudi chuo lazima kithibitishe kwamba umerudi ndipo uanze kuupata tena. Katika kusubiri huko boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, haliingii, na nimeona vijana wakiishi kwa uji. Njia ya tatu ni kuahirisha mitihani peke yake, na hii ndiyo naiona yako.

Nikueleze vizuri, maana wengi hawaijui. Mitihani iliyoahirishwa kwa ruhusa kwa kawaida hufanywa wakati mmoja na sapu, yaani mitihani ya marudio ya waliofeli, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Mnaingia chumba kimoja, lakini wewe si mtu wa sapu. Mwenye sapu, katika vyuo vyetu vingi, hata akipata 80 anaandikiwa C. Wewe unahesabiwa kuwa unaufanya mtihani kwa mara ya kwanza. Ukipata A ni A yako. A ni pointi 5, C ni pointi 2. Chukua kozi zako zote za muhula huu upige hesabu, utaona GPA, yaani wastani wa pointi zako, inavyoweza kuanguka ukiingia bila kujiandaa ukaangukia sapu, kwa sababu ya barua ambayo haikuandikwa. Alama zako za majaribio ya darasani zinabaki pale pale. Na wakati huo salfa imeshakwisha, korosho bado hazijaanza kuokotwa kwa wingi. Kalenda ya shamba lenu na ya chuo zinakubaliana hapo.

Lakini ombi lifike kabla ya mtihani wa kwanza. Likifika baada ya hapo linakuwa la kujitetea, na hata mshauri mwenye moyo mwema hana pa kulishikia.

Sasa huyo mshauri wako. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, na inaniuma inapoonekana ni kazi ya kusaini fomu. Mshauri ndiye mtu pekee chuoni anayetakiwa kukutazama wewe mzima. Mwalimu wa saikolojia anajua alama yako ya saikolojia, mhasibu anajua deni lako, mshauri anaziweka zote mezani. Nilikuwa na daftari, kila mwanafunzi na ukurasa wake: kwao wapi, nani anamlipia, pesa inaingia lini. Msimu wa minada ya korosho nilijua nani baba yake bado anasubiri malipo ya chama cha ushirika, nikaenda na majina kwa mhasibu kuomba walipe kwa awamu, wasizuiwe kujisajili. Kwenye kanuni hamna jambo hilo. Ila kwa mkoa unaosomesha watoto kwa korosho, mshauri asiyejua mnada ni lini anawashauri watoto asiowajua.

Alikuwepo binti wa Liwale. Alama zake zilishuka, walimu wakasema mvivu. Nilipozitandaza nikaona zimeshuka kozi za saa moja asubuhi tu. Za mchana alikuwa akipata B+. Nikamuuliza, analala wapi? Kumbe Mikindani kwa shangazi yake, kukwepa kodi ya chumba, na asubuhi daladala zinapita zimejaa. Tukamhamishia kikundi cha semina cha mchana, na kwa vile vipindi ambavyo havihamishiki tukamtafutia mwenzake wa kulala kwake siku hizo, Shangani. Alimaliza vizuri. Hakuwa amekuja kwangu, mimi nilimwita. Na mshauri asipokuita, wewe nenda.

Ukali wake usikutishe. Kapige hodi, umwambie: "Shikamoo Mwalimu. Mama yangu amelazwa, naomba kuahirisha mitihani, na nina karatasi za hospitali." Maneno hayo yanatosha. Beba barua ya daktari au nakala ya cheti chake cha kulazwa, barua yako fupi, na orodha ya kozi ukionyesha majaribio uliyofanya na uliyokosa. Mwombe akueleze kanuni ya mahudhurio ya chuo chenu, maana vipindi ulivyokosa vitaulizwa. Yeye ataandika maoni yake, mkuu wa idara ataipokea barua yako. Ukimkosa ofisini mara ya pili, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi nayo ijue kuhusu ugonjwa wa mama. Usitoke bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Halafu pita kwa afisa mikopo.

Na shamba je? Wajomba zako wapo. Kwetu mjomba haitwi siku ya harusi tu. Waombe wamsaidie baba kumpata mwenye mashine ya kupulizia, na muulizeni kama atakubali sehemu ya malipo korosho zikishauzwa. Wewe ukae karibu na mama, na daftari lako pembeni.

Mama Mshauri, naweza kumpigia simu mshauri wa mwanangu nijue matokeo yake? Mimi ndiye ninayelipa.
Mzazi, Lindi

Ndugu yangu, kupiga unaweza, ila mshauri mwema hatakusomea alama za mtu mzima bila ridhaa yake, hata kama ada ni jasho lako. Mimi nilikuwa nawaambia wazazi waje na mtoto, tukae watatu. Swali la kuuliza siku hiyo si "kapata ngapi?" Uliza ana sapu au kozi aliyofeli anayoibeba mwaka unaofuata, lini anatakiwa kuimaliza, na kitu gani nyumbani kinamzuia kusoma. Hilo la mwisho mwachie mwanao alijibu, na asikatizwe. Matokeo atakufungulia mwenyewe kwenye simu yake.