Reale ya 1780: usilipie mwaka, lipia sarafu yenyewe

Ndugu yangu, umesema muuzaji wa Mji Mkongwe anakuuzia reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya madini ya fedha yenye jina la malkia aliyetawala Austria, kwa bei ya kutisha kwa kuwa imeandikwa 1780. Usitoe pesa kwanza. Malkia huyo alifariki mwaka huo, na tangu hapo reale zake zimeendelea kupigwa zikiwa na tarehe ileile. Nyingi zilizopo leo ni za karne ya 20, na thamani yake haipiti mbali na ile ya madini ya fedha yaliyomo.

Nenda na mizani ndogo ya sonara na sumaku. Reale halali ina gramu 28 hivi na sumaku haiivuti. Kisha isimamishe uangalie ukingoni: pana maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyoinuka. Ukingo ukiwa laini, iache. Bei ipime kwa bei ya madini ya fedha ya siku hiyo, uongeze kidogo tu.

Kwa anayeanza, mimi ningekushauri pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile sarafu ya shaba ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye picha ya mizani. Ni yetu kabisa. Tafuta moja ambayo herufi zake zinasomeka zote, uilipie vizuri, kuliko kumi zilizosagika.

Na tafadhali sana, usizisugue kwa ndimu wala majivu. Ule weusi wa sarafu kuukuu ndio mnunuzi mjuzi anaoutazama kwanza; ukiuondoa, umeondoa na bei.